Kulegeza njia ya hewa ya injini kwa gharama ndogo: anza na mpira wa maji

Watu wengi wakitaka gari livute vizuri hukimbilia filta. Wanang'oa boksi zima la plastiki, wanafunga filta ya koni inayong'aa, gari linaanza kunguruma, na kwa kuwa linanguruma wanaamini limeongeza nguvu. Mimi si fundi wa gereji, nachezea magari yangu mwenyewe jioni nikitoka kazini, na sikati plastiki yoyote kabla ya kujua hewa inakwama wapi. Kulijua hilo kunahitaji mpira mwembamba, maji na ubao.

Kwanza tuelewane kuhusu kiasi. Injini ya petroli ya lita 1.5 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mafuta yamekanyagwa hadi chini, huvuta takriban lita 75 za hewa kila sekunde. Hapo ndipo njia nyembamba inapouma. Gari likiwa limesimama injini ikiunguruma taratibu, au unatembea polepole, kinachobana hewa ni kibati cha throto, yaani kile kinachofunguka unapokanyaga mafuta, nacho kinabana kwa makusudi kwa sababu ndivyo nguvu ya injini ya petroli inavyodhibitiwa. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba bomba pana litapunguza mafuta kwenye foleni, mwache aendelee na biashara yake. Faida ya kazi hii utaiona unapopita lori au unapopanda mlima.

Tutengeneze kipimo. Tafuta mpira unaoonyesha ndani, wenye tundu la milimita 5 au 6, urefu wa mita nne hivi. Ukunje kama herufi U na uufunge kwenye ubao, mikono miwili ikisimama wima, kila mmoja sentimita 70 au zaidi. Katikati ya mikono bandika tepu ya kupimia. Mimina maji yenye rangi ya chakula hadi yafike nusu ya kila mkono, kisha gongagonga mpira kwa kidole mpaka vipovu vyote vitoke, maana kipovu kimoja kikibaki katikati kipimo kitakudanganya. Mkono mmoja uache wazi. Wa pili ndio mrefu, unapita dirishani au kwenye upenyo wa boneti hadi kwenye njia ya hewa ya injini. Usifupishe mikono: ikiwa mifupi, injini itayanywa maji.

Sasa unahitaji matundu ya kuchukulia presha. Ondoa mpira wa hewa na boksi kwenye gari kabisa kabla ya kutoboa, ili vumbi la drili lisiingie kwenye injini. Toboa tundu dogo sehemu tatu: upande mchafu wa boksi, yaani kabla ya filta, upande safi, baada ya filta, na kwenye mpira karibu na throto. Kwenye kila tundu chomeka kijibomba kinachokaza, ncha yake iwe sawa na ukuta wa ndani. Ikichomoza, upepo unaopita juu yake utaharibu hesabu. Matundu usiyoyatumia yazibe vizuri. Tundu lolote lililo wazi baada ya sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini, huingiza hewa ambayo kompyuta ya gari haijaipima, na injini itaanza kutetemeka.

Kupima kunataka watu wawili na barabara tupu iliyonyooka: mmoja anaendesha, mwingine anasoma ubao, na dereva asithubutu kuutazama. Gia ya pili, kanyaga hadi chini, acha mzunguko upande hadi karibu na mstari mwekundu, msomaji atamke tofauti ya urefu kati ya mikono miwili. Maji yakirukaruka, bana mpira kidogo kwa kibanio cha nguo. Madirisha yawe katika hali ileile kila mara, maana upepo unaopita kando ya dirisha nao hubadilisha presha ndani ya gari.

Kusoma namba ni rahisi. Presha ya hewa kwenye usawa wa bahari ina uwezo wa kuinua maji kama mita 10.3, kwa hiyo kila sentimita 10 unazoziona ubaoni ni karibu asilimia 1 ya hewa uliyoikosa. Gari langu, la lita 1.5, lilitoa sentimita 38 kwenye throto. Upande mchafu wa boksi, kabla hata ya kufika kwenye filta, zilikuwa 24. Baada ya filta, 29. Toa moja kwenye nyingine utaona: filta iliyosingiziwa ilikuwa inakula sentimita 5 tu, na mpira wa mwisho 9. Mwizi alikuwa mdomo wa kuingizia hewa, ule uliojificha nyuma ya taa ya mbele, wenye upana wa milimita 45 kwenye sehemu nyembamba kuliko zote.

Hapo ndipo pa kuweka nguvu zako. Bomba la milimita 70 lina eneo zaidi ya mara mbili ya lile la 45, na kwa kuwa hasara hufuata mraba wa mwendo wa hewa, inashuka hadi chini ya moja ya tano. Mimi nilitumia bomba la plastiki la maji taka, jeupe, pamoja na kona moja pana. Kona ya kukata na kuunganisha kwa pembe kali usiitumie. Chagua iliyopinda polepole, au panga mdomo mpya mahali ambapo kona haihitajiki kabisa. Bomba la aina hii hulainika likifika nyuzi 80 hivi, kwa hiyo lisiguse rejeta wala kupita karibu na ekzosi.

Halafu tengeneza ukingo. Bomba lililokatwa tu likaachwa na ncha kali hupoteza zaidi ya mara kumi ya lile lenye mdomo uliokunjuka kama tarumbeta. Pasha ncha ya bomba kwa mashine ya hewa moto, uizungushe taratibu, usisogee karibu sana. Plastiki ikianza kulegea kama ngozi mbichi, isukume juu ya kitu cha duara kilicho laini, mimi natumia kitako cha bakuli la chuma, mpaka ukingo ukunjuke kwa nje. Shikilia hapo hadi ipoe. Mkunjo wenye nusu kipenyo cha milimita 10 au 12 unatosha kwa bomba la 70. Fanya kazi hii nje, na glavu mkononi. Plastiki hii ikiungua hutoa gesi inayochoma koo. Ikibadilika rangi kuwa kahawia umeshazidisha, kata kipande hicho uanze upya.

Angalia lakini unakunja ukingo upi. Unaosaidia ni ule ambao hewa inaingilia bombani: mdomo wa nje, na lile tundu la ndani ya boksi, upande safi, ambalo hewa hulipitia kuelekea injini. Mahali ambapo hewa inatoka bombani na kumwagika ndani ya boksi, hata ukikunja kwa ustadi gani hutapata kitu. Kwenye boksi langu, bomba la kutokea lilichomoza ndani likiwa na ncha kali. Niliiondoa ukali kwa msasa na kuongeza pete ya plastiki iliyokunjwa, ile 9 ikawa 6. Ila ikiwa sensa ya hewa imekaa hapohapo kwenye bomba la kutokea, usiguse. Kompyuta inahesabu kwa kuzingatia kipenyo kilekile na mtiririko uleule, ukibadilisha umbo hesabu ya mafuta inapotea. Waya wa sensa hiyo haufutwi kwa kitambaa wala kidole, una dawa yake maalumu ya kupuliza.

Boksi libakie. Filta ya koni iliyo wazi ndani ya boneti inavuta hewa iliyopikwa na injini, na hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa takriban asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30. Linganisha na zile sentimita 38 zangu, ambazo hazifiki hata asilimia 4, uone nani anamwibia nani. Mdomo mpya uelekeze kwenye hewa baridi ya mbele, lakini usiushushe chini ya ule wa kiwandani. Maji hayabanwi, dimbwi moja likiingia kwenye silinda, konrodi, ule mkono wa chuma unaosukumwa na pistoni, inapinda na injini imekwisha. Wala usihangaike kutega upepo: kwenye kilomita 100 kwa saa, upepo wa mbele unakupa kama sentimita 5 za maji, basi.

Kijisanduku cha plastiki kilichoning'inia ubavuni mwa bomba ni cha kupunguza kelele. Hewa haipiti ndani yake, kiache. Vile vifeni vya kuzungusha hewa vinavyouzwa vikisifiwa sana ni kizuizi kingine cha kulipia.

Unaporudisha, hakikisha mpira mwembamba unaotoa mvuke kwenye mfuniko wa injini umerudi mahali pake, klempu zimekaza, na filta imelala vizuri kwenye mdomo wa boksi pande zote. Ukitumia silikoni, epuka inayonuka siki. Mvuke wake unaharibu sensa ya oksijeni. Pima tena kwa njia ileile. Langu lilishuka hadi 17. Kwa gari lenye nguvu za farasi 100 hiyo ni kama farasi wawili, na sauti iliyoongezeka kidogo ukikanyaga. Ukipima mara ya kwanza ukakuta chini ya 15, funga boneti, utafute nguvu kwingine.

Baada ya wiki kadhaa za vumbi, fungua boksi upitishe kitambaa cheupe ndani ya upande safi. Kikitoka na vumbi, kuna mahali hewa inaipita filta pembeni, na huwa ni kwenye klipu za boksi au kona moja ya raba ya filta iliyojikunja ulipokuwa unafunga.