Somo: Jinsi ya kutazama na kupima mapambano ya zamani ya timu katika lucha libre (mieleka ya Mexico)

Wengi wetu tuliijua mieleka kupitia WWF na WWE za Marekani. Ndiyo maana mtu akifungua pambano la timu la Mexico la miaka ya 1980 au 1990 anaona fujo tupu: watu sita wanaingia na kutoka ulingoni bila kugusana mikono, raundi ya kwanza inakwisha kabla hajakaa vizuri, na refa kama hana kazi. Hapana fujo pale. Kuna kanuni, na bila kuzijua huwezi kutofautisha pambano bora na la kawaida.

Hatua ya 1: Jua pambano ni la aina gani kabla hujaanza kutazama.
Kuna la wawili kwa wawili, la watatu kwa watatu (trios, au relevos australianos), na la wanne kwa wanne (relevos atómicos). Kisha uliza kinachogombewa ni nini. Pambano la ubingwa hutarajiwa kuwa safi, lenye mikao (namna za kumkaba mpinzani) mingi ya chini na raundi ya kwanza ndefu. Lucha de apuestas, ambapo mtu huweka rehani kinyago chake au nywele zake, hujengwa kwa chuki: damu, vinyago vilivyochanwa, vipigo vya kulipizana. La kawaida la kila wiki mara nyingi kazi yake ni kuchochea ugomvi unaofuata, kwa hiyo likiishia kwa timu kuondolewa na refa, usikimbilie kulikata alama. Anayepima haya matatu kwa mizani moja atakosea kila mara.

Hatua ya 2: Shika kanuni nne.
Mshindi ni anayechukua raundi mbili kati ya tatu, na raundi haina saa. Inakwisha watu wakishindwa.
Katika trios, raundi inachukuliwa kwa kumshinda nahodha, au kwa kuwashinda wenzake wote wawili. Kwa hiyo mwanzoni kabisa tambua nahodha ni nani.
Mwanamieleka akitoka ulingoni na kutua sakafuni, mwenzake anaruhusiwa kuingia bila kuguswa mkono. Hii ndiyo inayowachanganya wageni.
Martinete (kumgeuza mtu kichwa chini na kumshindilia), kupiga sehemu za siri na kumvua mtu kinyago ni makosa ya kuondolewa.

Hatua ya 3: Tazama mara mbili.
Mara ya kwanza usisimamishe video, usiandike kitu. Mara ya pili chukua karatasi. Kwa kila raundi andika dakika iliyoanza, dakika iliyokwisha, nani kaichukua na kwa pigo au mkao gani. Ongeza dakika ambayo upepo uligeuka, yaani pale waliokuwa wanapigwa walipoanza kupiga, na sababu yake. Ukikosa sababu ya kuandika, umeshapata kasoro ya kwanza.

Hatua ya 4: Acha kumtazama aliye katikati, tazama kona.
Hapa ndipo timu ya kweli inapojitenga na watu waliokusanywa jana. Watekniko, yaani upande wa haki, wanapopigwa, mwenzao kwenye kamba anafanya nini? Anahangaika, anajaribu kuingia, anazuiwa na refa, au amesimama tu akingoja zamu? Warudo, yaani upande wa waovu, nao hupimwa kwa jinsi wanavyowatenga wapinzani. Warudo wazuri hawampigi mtu wote kwa pamoja ovyo ovyo: wawili wanamshughulikia mmoja, wa tatu anakaa mpakani kuzuia msaada. Wazuri wa kazi hii walikuwa Los Misioneros de la Muerte (El Signo, El Texano na Negro Navarro), ambao ndio hasa waliofanya trios zipendwe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Rudisha video nyuma utazame miguu yao: ni nadra kukuta wawili wamesimama mahali pamoja bila kazi.

Hatua ya 5: Raundi ya tatu ipime peke yake.
Chukua pambano la 6 Novemba 1994 mjini Los Angeles: El Hijo del Santo na Octagón wameweka vinyago, Eddie Guerrero na Art Barr wameweka nywele. Hapo ilibidi wote wawili wa timu moja washindwe. Octagón anatolewa, Santo anabaki peke yake dhidi ya wawili. Blue Panther, aliyekuwa kwenye kona ya Santo na Octagón, anaingia refa asipoona na kumshindilia Barr kwa martinete. Santo anambana Barr, kisha anammaliza Guerrero.

Kwa asiyejua, huo ni msaada wa bahati. Lakini tarehe 3 Aprili 1992, kwenye ukumbi wa Arena México, Barr alipoteza kinyago alichokivaa kwa jina la Love Machine mbele ya huyo huyo Blue Panther, kwa sababu aliondolewa baada ya kupiga martinete. Halafu tazama undugu wa kifamilia: Gory Guerrero, baba yake Eddie, na El Santo, baba yake Hijo del Santo, walikuwa timu moja iliyoitwa La Pareja Atómica. Watoto wao wakalifufua jina hilo, kisha Eddie akamgeuka mwenzake na kujiunga na Barr. Kwa maoni yetu hakuna pambano la timu la muongo ule lenye mwisho uliofungwa vizuri kuliko huu.

Hatua ya 6: Alama.
Katika 10, tunatoa 4 kwa raundi ya tatu, 3 kwa uelewano wa timu, 2 kwa sababu za upepo kugeuka, 1 kwa mwitikio wa watazamaji. Miruko ya kutoka nje ya kamba haina alama yake yenyewe. Tope (mruko wa kupita katikati ya kamba kumvamia aliye nje) likirushwa kumzuia mtu asirudi kumwokoa mwenzake, limeshahesabiwa kwenye uelewano.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo, wakuu. Raundi ya kwanza ikiwa ya dakika tatu tu, si udhaifu huo?
Jibu: Si lazima, ndugu. Warudo wakivamia kabla ya kengele, raundi fupi ndiyo mantiki yenyewe. Ni udhaifu pale ambapo raundi ya pili nayo ni fupi vile vile na inakwisha kwa mkao ule ule.

Swali: Mbona mikao yao naiona kama imegeuzwa? Nilidhani video imepinduliwa.
Jibu: Mexico hushughulikia zaidi mkono na mguu wa kulia, Marekani wa kushoto. Ukitaka uhakika, soma maandishi ya ukumbini. Yakisomeka, video iko sawa.

Swali: Refa anapendelea waziwazi. Nikate alama?
Jibu: Usikate. Wapo marefa wanaojulikana kuwa upande wa warudo, El Tirantes wa AAA, kampuni ya mieleka ya Mexico, akiwa mfano mkubwa. Kata pale tu upendeleo unapoingia ghafla mwishoni bila kuonekana mapema.

Swali: Raundi ya pili imeanza, mtu tayari ana damu na kinyago kimechanika. Nimepitwa na nini?
Jibu: Hujapitwa, dada; mkanda wa video umekatwa. Hilo ni la kawaida kwenye rekodi za televisheni. Andika "pungufu" na usitoe alama ya jumla. Tahadhari pia na mapambano yaliyomo ndani ya sinema za El Santo: yalipangwa kwa ajili ya kamera, hayapimwi pamoja na haya.

Swali: Nataka moja la wanne kwa wanne.
Jibu: Tafuta la kuagwa kwa El Santo, 12 Septemba 1982, kwenye uwanja wa Toreo de Cuatro Caminos. Santo, Gory Guerrero, Huracán Ramírez na El Solitario dhidi ya Perro Aguayo na Misioneros wote watatu. Wakongwe wale umri ulishawapita, kwa hiyo usihesabu kasi. Hesabu jinsi Signo, Texano na Navarro wanavyojiweka pale wanapohitajika ili kila pigo la mzee lionekane.