Ndege waimbaji huondoka saa ngapi usiku? Jinsi ya kupima ukiwa Entebbe

Machi na mwanzoni mwa Aprili, ndege wadogo waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia wakaja Uganda, kama Phylloscopus trochilus mwenye rangi ya kijani na manjano, huanza kurudi kaskazini. Wengi wao hupaa usiku, hasa giza linapoanza kutanda. Utawahesabu kwa darubini wanapokatiza mbele ya mwezi. Mbayuwayu usiwahesabu, wao husafiri mchana.

1. Fuata mwandamo. Mwezi wa siku ya 14 unapendeza lakini haukufai, kwani jua likizama ndio kwanza unachomoza. Chukua mwezi wa siku ya 10 au 11, ambao magharibi ikiingia tayari uko juu.

2. Kaa ufukweni, na umwarifu mapema mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Mtu na darubini gizani, karibu na uwanja wa ndege, ataulizwa maswali. Ufukwe una faida kubwa: upande wa kusini ni maji, ukiacha visiwa vya Ssese. Ndege aliyetoka Bukoba kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa atakufikia baada ya saa kama nne. Kwa hiyo anayepita mapema akielekea kaskazini ameondoka hapa hapa jirani. Wa usiku wa manane huwezi kumsemea.

3. Elekeza darubini ya miguu mitatu kwenye mwezi hadi mashimo yake yaonekane vizuri. Wadudu wa ziwani watapita wakiwa na ukungu, maana wako karibu mno. Popo wa matunda ni wakubwa na hupiga mbawa polepole. Ndege ni kivuli kidogo, kinakatiza kufumba na kufumbua.

4. Andika saa, dakika, na alikoingilia na kutokea, ukiuhesabu mwezi kuwa uso wa saa.

5. Hapa ndipo wengi huharibu: geuza dakika za tangu machweo ziwe digrii za jua chini ya upeo. Kwetu jua huzama karibu wima, linafika digrii 6 kwa dakika ishirini na kitu. Uswidi mwezi Mei huchukua karibu mara mbili au zaidi. "Dakika 40 baada ya machweo" huko bado kuna mwanga. Hapa giza limeshaingia. Ukilinganisha dakika tupu, utadhani ndege wetu wanawahi.

6. Andika pia upepo na mvua, hata usiku asipopita ndege. Mvua huwazuia, upepo wa kutoka nyuma huwahimiza. Mafuta mwilini mwa ndege nayo huathiri kuondoka kwake, ila hayo hupimwa na wanaowanasa ndege kwa nyavu na kuwavisha pete, si kwa darubini.