Somo: kuyapa majina matawi ya Git na kulihamisha shina kutoka master kwenda main

Wakuu salaam, nipo Uyole na baridi yake. Naleta somo hili sababu mimi na mwenzangu tumepoteza siku nzima kwa ajili ya majina tu. Tuna mfumo wa kupokelea mzigo wa parachichi za Rungwe, kodi yake tunaitunza kwa Git (programu ya kufuatilia mabadiliko ya kodi), juzi nafungua repo (folda ya kodi inayotunzwa na Git) nakuta matawi (njia za kazi zinazoendeshwa kando kando) yanaitwa mpya, mpya2, mpya_final na test, hakuna anayekumbuka lipi lina marekebisho ya mizani, ikabidi tuingie moja moja tusome komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa na maelezo yake).

Tuanze na shina, yaani tawi kuu. Kwenye programu nyingine za aina hii, Subversion wanaliita trunk, Mercurial default, Git lilizoeleka master. Mwaka 2020 Git 2.28 ikaruhusu ujichagulie jina, na Oktoba mwaka huohuo GitHub (tovuti ya kuhifadhi repo) wakaanza kuita main kwenye repo mpya. Kwa Git yenyewe shina ni tawi kama mengine, sisi ndo tumekubaliana kuliheshimu.

Hatua ya 1: kabla hujagusa kitu tafuta neno master kwenye skripti zako zote, hasa ya sava (kompyuta inayoendesha mfumo). Hapa ndo tuliumia. Tulibadili jina, master ya zamani tukaiacha palepale, sava ikaendelea kuvuta master kimya kimya bila erori yoyote, mteja anapiga simu kilo bado zinakosewa na sisi tunamwambia tumesharekebisha.

Hatua ya 2:
git branch -m master main
git push -u origin main

Hatua ya 3: ingia settings za GitHub, weka main iwe default (tawi kuu la repo), ndo ufute la zamani:
git push origin --delete master
Ukikimbilia kufuta kwanza itagoma.

Hatua ya 4, kwa repo zijazo:
git config --global init.defaultBranch main

Sasa matawi. Anza na aina ya kazi, weka slashi, alafu taja kazi yenyewe: rekebisha/mizani-desimali, ongeza/risiti-mkulima. Nafasi (space) ndani ya jina haikubaliki. Tumia herufi ndogo tupu, maana Linux inaona Mizani na mizani ni vitu viwili ila Windows inaona kimoja, mtagombana bure. Na usiliite tawi jina lako jamani, ukiumwa malaria leo anayepokea kazi atajuaje ulikuwa unafanya nini?

MASWALI

Mdau wa Mafinga: Mkuu nina tawi linaitwa risiti, nikitaka kufungua risiti/pdf linakataa, kwanini?
Jibu: Git inalitunza tawi kama faili ndani ya .git/refs/heads na slashi inageuka folda, sasa risiti haiwezi kuwa faili na folda kwa pamoja. Lile la kwanza liite risiti-msingi, hilo la pili litakubali.

Mdau wa Tukuyu: Mwenzangu laptopu yake bado ina master, afanyeje?
Jibu: Aandike hizi kwa mpangilio huu, kazi yake haipotei:
git branch -m master main
git fetch --prune
git branch -u origin/main main
git remote set-head origin -a

Mdau wa Iringa: Naweza kuliita "shina" kabisa kwa Kiswahili?
Jibu: Inakubali vizuri tu ndugu yangu, na mimi ningependa. Ila skripti nyingi unazokopi mtandaoni zimeandikwa main, kila ukikopi kumbuka kubadili, na mwambie kila anayejiunga na timu siku ya kwanza.