Daktari, chumba cha kazi na mafuta ya gari: gharama unazoweza kutoa kabla ya kutozwa ushuru

Kwanza tenga mapato. Mshahara wa hospitali ya kaunti umeshakatwa PAYE (ushuru ambao mwajiri hukata kwenye mshahara), na chumba chako wala mafuta hayaupunguzi. Tunachohesabu hapa ni pesa za kazi yako binafsi: kliniki ya jioni, au zile zamu ambazo aliyekulipa ameshazuia asilimia 5 kwa ajili ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. TOT, ushuru wa mauzo wa wenye maduka, haikuhusu. Ada za kitaalamu haziingii humo.

Chumba ndicho kinacholeta mabishano. Sheria inataka gharama iwe ya kuleta mapato na si kingine. Mteja wangu wa ushuru wa Tudor, hapa Mombasa, akinialika kwake, natoa futi ya kupimia kabla ya chai. Nyumba ikiwa mita za mraba 120 na chumba cha kuandikia ripoti ni 12, basi ni fungu moja la kumi: kodi ya nyumba ya Sh60,000 inakupa Sh6,000 kwa mwezi, na stima vivyo hivyo. Nikikuta humo meza ya pasi na madaftari ya watoto, narudisha futi mkobani. Kompyuta na fanicha usizitie zote kwa mkupuo: ya kwanza hukatwa asilimia 25 kwa mwaka, ya pili 10.

Safari. Kutoka nyumbani Nyali hadi kliniki Kizingo ni juu yako, hata foleni ya darajani ikumalize. Kutoka kliniki kuvuka Likoni kumwona mgonjwa Ukunda, hiyo ni kazi. Weka daftari garini: tarehe, ulikotoka, uendako, kilomita, sababu, jina la mgonjwa liache. Mwisho wa mwaka, kilomita za kazi ukizigawa kwa kilomita zote, umepata fungu la mafuta, bima na servisi.

Mwajiri akikutuma Nairobi, posho isiyozidi Sh10,000 kwa siku haitozwi ushuru tangu Julai 2025.

Gharama zote hizi ni kazi bure bila ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, sharti lililoanza Januari 2024. Tiketi ya ndege imesamehewa, petroli la. Mpe kijana wa pampu PIN yako ya KRA kabla hajachapisha, maana ukishaondoka kumrudia ni taabu. Zipige picha risiti siku hiyo hiyo, wino wake hufifia upesi kwa joto letu, nawe unatakiwa kuziweka miaka 5.

Ritani ya ushuru ni kabla ya Juni 30 kwisha. Ukichelewa, faini ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru, iliyo kubwa.