Bibi Akilipwa Kulea Wajukuu England: Lini Asajiliwe, Lini Asihangaike

Mimi ni mlezi wa watoto niliyesajiliwa na Ofsted, wakaguzi wa serikali wa shule na malezi huku England. Wazazi Waswahili huku huniuliza: mama yangu akibaki na mwanangu, nami nikampa mama chochote mwisho wa mwezi, navunja sheria? Mara nyingi hapana, ila usiruke hatua. (Scotland na Wales wana wakaguzi wao na taratibu zao.)

1. Anza na viza. Bibi aliyekuja kwa viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi, basi asilipwe. Kukaa na wajukuu akiwa amekuja kuwaona ni sawa, lakini hata bila malipo asigeuzwe yaya wa kudumu.

2. Pima undugu. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Kwetu bibi ni wengi: mama mzazi wa mama, dada zake, hata jirani aliyekulea. Sheria ya malezi ya mwaka 2006 inawatambua kama ndugu wa mtoto babu na bibi, mjomba, shangazi, mama mdogo au mkubwa, kaka na dada, wawe wa damu, wa mzazi mmoja au wa kwa ndoa. Dada yake bibi hayumo. Ukimlipa huyo, mhesabu kama mtu baki.

3. Tazama mtoto ni wa nani na analelewa wapi. Bibi halisi akilea mjukuu wake, hahitaji Ofsted, alipwe asilipwe. Sasa tuseme jirani naye anamwachia wake wa miaka mitatu, saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa pauni 30 kwa siku. Mjukuu hahesabiwi, wa jirani anahesabiwa. Mtoto asiye ndugu, chini ya miaka 8, kwa malipo, zaidi ya saa mbili kwa siku, nyumbani kwa mlezi: kwa kawaida hapo usajili ni lazima, tena kabla ya kuanza. Akimfuata mtoto kwao, huyo ni yaya, na usajili ni hiari.

4. Ikibidi kusajiliwa, bibi asome huduma ya kwanza ya watoto, na kila mwenye miaka 16 au zaidi nyumbani afanyiwe DBS (ukaguzi wa rekodi za uhalifu), pamoja na yule mpangaji wa chumba cha juu. Anzeni mapema, miezi kadhaa kabla.

5. Fedha. Malipo ni kipato. Pauni 1,000 za kwanza kwa mwaka wa kodi, kwa kazi ndogondogo za aina hii, hazikatwi kodi. Akaunti ya Tax-Free Childcare, ambamo serikali humwongezea mzazi fedha za malezi, haimlipi bibi asiyesajiliwa. Saa za malezi zinazolipiwa na serikali hazimlipi kwa mjukuu wake hata akisajiliwa.

6. Fomu CA9176. Hii ndiyo inayosahaulika, na kwangu ina thamani kuliko zote. Bibi anayeishi Uingereza, ambaye hajafika umri wa pensheni, akilea mjukuu wa chini ya miaka 12, anaweza kuhamishiwa mwaka wa National Insurance (michango inayojenga pensheni ya serikali) wa mzazi anayepokea Child Benefit (posho ya mtoto), ikiwa mzazi huyo ameshaupata mwaka wake kwa kazi. Wote wawili wanasaini. Subirini Oktoba 31 baada ya mwaka wa kodi kuisha ndipo mtume. Babu na bibi wakigawana siku, kubalianeni nani ajaze, kwa kuwa kwa dai moja la Child Benefit mwaka huo huhamishiwa mtu mmoja tu.