Somo: Unahitaji kamera ngapi? Fanya hesabu hii kabla ya kwenda Kariakoo

Swali la idadi ya kamera linarudi humu kundini kila baada ya muda, na majibu huishia kuwa orodha ya modeli. Tuanzie upande mwingine. Somo hili ni la mtu anayepiga picha kwa kupenda: anatoka Jumamosi asubuhi kwenda Feri, Kariakoo au Pugu hapa Dar, na mara mojamoja ndugu wanamwomba apige kipaimara. Anayekula kwa kazi hii ana hesabu nyingine.

Andaa kompyuta yenye picha zako za miezi sita, karatasi na kalamu. Simu yako nayo ihesabu kama kamera.

Hatua ya 1: Soma picha ulizokwisha kupiga

Chuja picha zote kwa kamera, kwa lenzi na kwa milimita (urefu wa fokasi: zikiwa nyingi, lenzi inavuta mbali zaidi). Programu ya digiKam inafanya hivyo na ni ya bure. Kwenye Lightroom, ukiwa Maktaba, bonyeza kitufe cha \ kisha chagua Metadata. Andika kila kamera imetoa picha ngapi, lenzi ipi imebeba mzigo, na milimita zipi zinajirudia. Kama una kamera mbili na moja imepiga karibu picha zote, ile nyingine imeshakujibu.

Hatua ya 2: Orodhesha picha kumi ulizozikosa

Hapa ndipo penye somo lenyewe, usiparuke. Mbele ya kila picha andika sababu halisi. "Kamera haifai" si sababu.

Mfano: mvuvi anashusha ndoo pale Feri saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, picha imetikisika. Fungua taarifa za picha: shata 1/30 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Tatizo hapo ni mwanga. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile f/5.6, kwa hiyo shata inapanda hadi 1/250 bila kugusa ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga. Bodi mpya (kamera bila lenzi) ikifungwa lenzi ileile iliyokuja na kamera isingemwokoa mvuvi yule. Ndege wa Pugu kutoka kama nukta ni suala la milimita. Betri kuisha ni suala la betri. Madoa angani ni vumbi kwenye sensa.

Sababu mbili tu ndizo zinazodai bodi ya pili: tukio lilipita ukiwa unabadilisha lenzi, au kamera iligoma mbele ya tukio lisilorudiwa. Picha zenye sababu hizo zikiwa chini ya tatu kati ya kumi, baki na kamera moja. Pesa iende kwenye lenzi, betri ya akiba na kadi ya pili.

Hatua ya 3: Zikiwa mbili, ziwe ndugu

Bodi ya pili inayotumia lenzi, betri na kadi tofauti ni mzigo wa pili begani. Angalia betri kwanza, maana ndiyo inayosahaulika. Mwenye Sony a6000 anatumia betri ya NP-FW50. Akinunua A7 III atakuta NP-FZ100, na kuanzia siku hiyo anatembea na chaja mbili. Mwenye Canon 80D akichukua 6D anabaki na betri zake za LP-E6, ila lenzi zake za EF-S (za kamera za Canon zenye sensa ndogo, APS-C) hazifungiki kwenye 6D. Upande wa Nikon, D3400 na D5600 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi: lenzi ya AF-D, isiyo na mota yake, inayojifokasi vizuri kwenye D7200, huko utaizungusha kwa mkono.

Siku ya kuzitumia pamoja, linganisha saa zake hadi sekunde. Ukisahau, piga picha ya saa ya simu kwa kamera zote mbili kabla ya kuanza. Tofauti utairekebisha kwenye programu. Bila hivyo, picha zikipangwa kwa muda, keki inakatwa kabla maharusi hawajaingia ukumbini. Rangi ya mwanga (white balance) nayo usiiache ijichagulie: weka namba moja kwa zote, mfano 5200K ukiwa nje mchana.

Hatua ya 4: Kukagua ya mtumba

Nenda na kadi yako, betri iliyojaa na tochi ya simu.

Sensa: weka ISO 100 na f/16, vuruga fokasi, piga ukuta mweupe kisha kuza picha. Vumbi husafishika, mkwaruzo hausafishiki.

Lenzi: fungua tundu lote, mulika nyuma, chungulia mbele. Nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi. Usinunue hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu ikikaa muda mrefu inakula rangi ya kinga ya kioo, na fundi akisafisha alama inabaki.

Shata: Canon 6D imekadiriwa kupiga mara 100,000, 5D Mark III 150,000, Nikon D850 200,000. Nikon huandika idadi ya picha zilizopigwa ndani ya picha yenyewe. Canon nyingi haziandiki. Inabidi kuunganisha kamera na kompyuta yenye programu ya kuisoma. Muuzaji akikataa kamera isiunganishwe, ondoka.

Hatua ya 5: Uliza kama utaweza kuitunza

Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, na masika ndiyo mbaya zaidi. Kamera inayolala kabatini ndani ya begi la ngozi huota fangasi kabla ya ile inayotoka kila wiki. Tafuta kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, weka silika jeli (punje zinazonyonya unyevu) na kipimo kidogo cha unyevu, usomaji ukae kati ya asilimia 40 na 50. Ukipita 60 kwa siku kadhaa, kausha jeli. Kama hutaki kazi hii kwa bodi mbili, nunua moja.

Maswali ya wanachama

*Tabata:* Shikamoo mwalimu. Nina Canon 700D na lenzi mbili za EF-S, nataka Canon R10. Niibakize 700D iwe ya pili?

Marahaba. Lenzi zako zitafunga kwenye R10 kwa adapta ya EF-EOS R, na hazipotezi kitu kwa kuwa sensa zote ni APS-C. Lakini hakuna kurudi nyuma: lenzi ya RF, ambayo ndiyo ya R10 yenyewe, haifungi kwenye 700D. Betri nazo ni tofauti: LP-E8 kwa 700D, LP-E17 kwa R10. Ibakize maadamu lenzi zako ni EF-S. Ukishahamia RF, iuze ingali na thamani.

*Kigamboni:* Mchele unaweza kukaa badala ya silika?

Hapana ndugu. Unavuta unyevu kidogo sana na unaacha vumbi la unga, ambalo linaingia kwenye pete za lenzi. Silika yenye rangi ni bora kwa sababu inakuonyesha ikishiba: ya bluu inageuka waridi, ya chungwa inageuka kijani. Ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 kwa saa mbili, iache ipoe ndipo uirudishe.

*Sinza:* Dada yangu anaolewa mwezi ujao, nina kamera moja. Ninunue nyingine?

Kama kuna mpiga picha mkuu, moja inatosha. Kama ni wewe peke yako, kodi au azima bodi inayokubali lenzi zako, na uichukue siku mbili kabla. Siku ya kwanza piga picha 200 ukijifunza vitufe. Siku ya pili fomati kadi, chaji kila kitu, weka saa sawa. Harusini moja ikae na lenzi pana, nyingine na ndefu, usibadilishe lenzi kutwa.

*Mbezi Beach:* Tunaenda kisiwa cha Mbudya. Nahitaji kamera ya maji?

Kamera ya tatu ina haki pale tu inapofanya ambacho zote nyingine hazifanyi, na maji ni mfano mzuri. Kwa safari moja kwa mwaka, kifuko cha simu kinatosha. Kijaribu kwanza nyumbani: weka tishu kavu ndani, kizamishe kwenye ndoo nusu saa. Tishu ikilowa, kirudishe dukani. Ukinunua kamera yenyewe, kagua mpira wa mlango wa betri kila kabla ya kuzama. Punje moja ya mchanga inatosha kuingiza maji. Ukitoka baharini, iloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi dakika kumi, ifute, ndipo ufungue mlango.