Malaria huku Kusini: hatua kwa hatua, toka shimo la tofali mpaka kidonge cha 24

Nilikwenda kumjulia hali mgonjwa wangu mmoja, kijiji cha upande wa Tandahimba, nikaona pakiti ya dawa mseto ya malaria imechomekwa kwenye fito juu ya mlango. Vidonge vinane vimebaki. Nikamwuliza, "Babu, mbona hukumaliza?" Akanijibu bila wasiwasi, "Homa ilikwisha siku ya pili, nesi. Hivyo nimeviweka, mjukuu akiumwa nampa." Babu wa watu hakuwa mzembe. Alikuwa anaweka akiba kama anavyoweka mbegu ya ufuta. Ila vimelea vilivyobaki mwilini mwake navyo vilikuwa vimewekewa akiba.

Mimi ni muuguzi wa zahanati, na miaka yangu mingi ya kazi nimeimalizia kati ya uwanda wa Makonde na bonde la Lukuledi, kusini mwa Tanzania. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia watu wakiwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri kupimwa. Kuhusu mwarobaini naulizwa kila wiki, kwa hiyo nao umo, ila nitauweka mahali pake.

Hatua ya 1: Jiulize ulilala wapi wiki mbili zilizopita

Malaria ya kwetu sehemu kubwa inaletwa na kimelea kinachoitwa plasmodiamu falsiparamu, kilicho kikali kuliko ndugu zake. Anayekibeba ni mbu jike wa aina ya anofelesi, ambaye hutafuta damu kuanzia jioni mpaka alfajiri. Akishakuuma, kimelea hujificha kwanza kwenye ini, kinazaliana huko, kisha ndipo kinaingia kwenye damu na homa inaanza. Kwa kawaida hupita siku 7 hadi 14, pengine zaidi. Embe bichi na mvua iliyokunyeshea jana havihusiki kabisa.

Ndiyo maana mgonjwa akikaa mbele yangu namwuliza alikolala. Majibu nayajua kwa moyo: alikuwa shambani anaokota korosho, analala kwenye kibanda kisicho na ukuta. Au alikuwa analinda mpunga usiliwe na nguruwe. Au palikuwa na unyago, ngoma imepigwa mpaka kunakucha na watu wote wako uani. Nyumbani chandarua kipo, tena kipya, kimetundikwa vizuri juu ya kitanda ambacho hakikuwa na mtu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhesabu usiku wako wa mwaka mzima, hasa ule unaolala nje ya nyumba. Chandarua cha shambani kiandae pamoja na magunia na sufuria, kabla hujaondoka. Kamba nne na miti minne vinatosha. Usiku wa ngoma vaa nguo ya mikono mirefu, jifunge kanga mpaka kwenye vifundo vya miguu, na mtoto mchanga asikeshwe nje. Nikilisema hili kwa makungwi wananicheka, lakini siku hizi wapo wanaotundika chandarua kwa ajili ya wali, yaani vijana wanaochezwa unyago.

Hatua ya 2: Zunguka nyumba mara moja kwa wiki

Yai la mbu likitagwa kwenye maji, ndani ya wiki moja hadi mbili limeshakuwa mbu anayeruka. Ukiyamwaga maji hayo kila wiki, hafiki.

Mbu wa malaria hupenda madimbwi yanayopigwa na jua, nyayo za ng'ombe, majaruba ya mpunga, na juu ya yote mashimo ya tofali. Kila anayejenga huku anachimba udongo palepale kiwanjani, anafyatua tofali, anahamia nyumba mpya na shimo analiacha liwe bwawa. Fukia. Kama ni kubwa mno, tafuta perege uwaweke humo, wanakula viluwiluwi. Kwa wale wa pwani, kuanzia Mikindani mpaka Kilwa, msijidanganye kwamba maji ya chumvichumvi hayana mbu: yupo ndugu wa anofelesi anayezaliana humohumo.

Kule uwandani, Newala na Tandahimba, maji ni shida na kila nyumba yenye bati ina kisima cha kuvunia mvua. Hakifukiwi hicho, lakini mfuniko lazima ukae barabara, na bomba la kuingizia maji lifungwe kipande cha wavu.

Hatua ya 3: Chandarua, kisha majani

Vyandarua vyenye dawa ya kudumu vimeingia kwa wingi huku kwetu. Mwaka 2013 mpango wa kuvigawa kupitia shule ulianzia kwenye mikoa hii hii, Lindi, Mtwara na Ruvuma. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kimetumikaje. Kipya kitoe kwenye mfuko ukianike kivulini siku nzima kabla ya kukilalia, vinginevyo uso utawasha na utakisingizia. Kifue kwa sabuni ya kawaida, si ya kung'arisha nguo, na ukianike kivulini tena, maana jua linaua dawa. Kikipata tundu, shona siku hiyohiyo. Kimetengenezwa kidumu miaka kama mitatu hivi, au kufuliwa mara 20. Nimeviona vikivuliwa dagaa na vikifunikia mchicha. Kama kimechakaa kabisa, sawa, funikia mchicha. Kama ni kizima, huo mchicha ni wa bei mbaya sana.

Sasa majani. Kivumbasi, mchaichai na majani ya mwarobaini yakifukizwa yanampunguza mbu kwa saa chache. Bibi zetu walilijua hilo na hawakukosea. Weka kwenye kigae uani wakati wa kupika na kuzungumza, kabla ya kulala. Usifukize ndani alikolala mtoto, kwa sababu moshi unaokimbiza mbu unaumiza na mapafu. Mafuta ya mbegu za mwarobaini, tone chache ndani ya mafuta ya nazi, mtu mzima anaweza kujipaka miguuni jioni. Usimnyweshe mtoto mafuta hayo hata kijiko kimoja, yana sumu. Mbegu zikitwangwa na kutiwa kwenye bwawa ambalo hakuna anayekunywa maji yake, huharibu ukuaji wa viluwiluwi. Umeona mwarobaini nimeuweka wapi? Nje ya mwili, dhidi ya mbu.

Hatua ya 4: Homa ikianza, pima. Usibahatishe

Dalili unazijua: homa, baridi ya kutetemeka, kichwa, viungo, kutapika, mtoto kukataa kula. Tatizo ni kwamba dalili hizo si za malaria peke yake, na mikoa yetu ina ushahidi wa kutosha. Mwaka 1952 na 1953 uwanda wa Makonde ulipigwa na homa iliyowakunja watu viungo mpaka wakatembea wameinama. Kirusi chake kiligunduliwa hapo, na jina alilopewa, chikungunya, limetoka kwenye Kimakonde, likimaanisha kilichokunjamana. Leo dunia nzima inalitamka neno la Newala. Halafu mwaka 2022, Ruangwa, watu wakaanza kupata homa na kutokwa damu puani. Ikajulikana baadaye kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaoenezwa na mkojo wa wanyama. Mtu wa namna hiyo ukimpa dawa ya malaria nyumbani, unampotezea siku.

Kipimo cha haraka kinahitaji tone moja la damu ya kidole na dakika 15 hadi 20. Nenda ndani ya saa 24 tangu homa ilipoanza, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano usisubiri hata zifike. Kipimo kikisema huna malaria, usigombane na mhudumu akupe dawa tu. Mwambie aendelee kutafuta.

Jambo jingine: kipimo hiki kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya kupona, kwa sababu mabaki ya kimelea bado yamo kwenye damu. Ukirudi na homa ndani ya mwezi mmoja, mwambie mhudumu kwamba ulishatumia dawa, aangalie kwa darubini.

Hatua ya 5: Dawa, mpaka kidonge cha mwisho

Hapa ndipo ninapoulizwa: "Nesi, si nichemshe tu mwarobaini?"

Nawasimulia habari ya majani mengine. Dawa mseto imetokana na mmea, pakanga ya Kichina. Mwaka 1972 mtafiti wa China, Tu Youyou, alifanikiwa kupata dawa ndani yake, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwanzoni majaribio yao yalikuwa yanagoma. Akasoma kitabu cha tabibu wa kale kilichosema majani yalowekwe kwenye maji na kukamuliwa, akatambua kwamba huenda moto ndio unaoiharibu dawa. Akaitoa kwa njia isiyohitaji moto mkali, ikafanya kazi. Kwa hiyo ukichukua majani yoyote ukayachemsha nusu saa, hujui umebakisha nini kwenye sufuria, wala kikombe chako kina kiasi gani. Kiasi kidogo kinashusha homa kidogo, unadhani umepona, kimelea kinaendelea kuzaliana. Shirika la Afya Duniani halikubali hata chai ya pakanga yenyewe itumike kutibu malaria. Mwarobaini nao ni mchungu, na uchungu wa dawa si kipimo cha nguvu yake.

Dawa mseto ya ALu (atemetha na lumefantrini) kwa malaria isiyo kali inatolewa kwa uzito:

kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge 1;
kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 2;
kilo 25 hadi chini ya 35, vidonge 3;
kilo 35 na kuendelea, vidonge 4.

Kiasi hicho ni cha kila dozi, na dozi ni sita kwa siku tatu. Ukianza saa nne asubuhi, ya pili ni baada ya saa nane, yaani saa kumi na mbili jioni. Kisha kila saa kumi na mbili, asubuhi na jioni, siku mbili zinazofuata. Mtu mzima anamaliza vidonge 24. Mtoto wa chini ya kilo 5 na mama mjamzito wasipewe dawa na mtu wa nyumbani, wafike kituoni.

Dawa hii hupokelewa vizuri na mwili ikienda na mafuta, na hapo Kusini tumejaliwa: uji wa karanga, mchuzi wa tui la nazi, konzi ya korosho. Usiimeze tumbo tupu kwa chai ya rangi. Ukitapika kabla nusu saa haijapita, rudia dozi nzima. Ukitapika tena, rudi kituoni. Homa ipunguze kwa paracetamol na kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na kunywa maji, madafu, uji mwepesi. Hiyo ndiyo tiba ya asili ninayoiunga mkono bila masharti, maana mgonjwa wa homa anakauka.

Kwa nini dozi sita na si nne? Kwa sababu siku ya pili vimelea vingi vimekufa na mtu anasikia njaa, lakini vichache vilivyo sugu bado viko hai. Klorokwini tuliyoizoea utotoni iliachwa mwaka 2001 kwa sababu vimelea viliizoea. Ikaja SP (salfadoksini na pirimethamini), nayo haikukaa, na mwaka 2006 ndipo mseto ukachukua nafasi. Vidonge vinane vya babu vilikuwa dozi mbili za mwisho, zile zenye kazi hiyo. Na mjukuu aliyekuwa anawekewa akiba alikuwa na kilo 11.

Pale ambapo hakuna hatua, kuna kukimbia

Mtoto akipata degedege, huku bado wapo wanaosema ni mdege, pepo wa ndege, amepita, mtoto afukizwe kinyesi cha tembo na asiguswe na sindano, kwa kuwa sindano itamwua. Nimewahi kumkuta mtoto kwenye moshi huo, na mama yake amekaa kando akisubiri mjomba afike atoe ruhusa ya kwenda hospitali. Mila za ukoo wa mama nazijua, mimi mwenyewe ni mtoto wa mila hizo. Lakini malaria iliyopanda kichwani haimsubiri mjomba. Sindano ya atesuneti ndiyo inayookoa. Wanaokufa baada ya sindano mara nyingi ni waliochelewa kuipata. Zungumzeni na mjomba mapema, mtoto akiwa mzima, atoe ruhusa ya jumla.

Dalili nyingine za kukimbia: kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kukaa, kulala asiamke vizuri, kupumua kwa shida, viganja kuwa vyeupe, macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, tafuta bodaboda.

Mama mjamzito, toka miezi mitatu ya kwanza ipite, apewe SP kliniki kila mwezi, ameze mbele ya muuguzi, zifike angalau tatu kabla ya kujifungua. Anayetumia septrini (dawa ya kuua bakteria) kila siku hapewi SP, aseme mapema.

Yule babu nilimpima upya wiki ileile, kwa darubini. Vimelea vilikuwepo. Alianza pakiti mpya mbele yangu, na uji wa karanga, na vile vinane nikaondoka navyo.